Kilwa kwa siku tatu: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 13, na mama mkwe anaishi nasi. Bagamoyo tumekwenda, Zanzibar tumekwenda. Safari hii tunataka Kilwa, tuondoke Ijumaa turudi Jumapili. Tunataka kuona magofu, ila hatutaki kupiga picha na kuondoka. Tunataka kukaa na watu kidogo tujue wanavyoishi. Siku tatu zinatosha? Songo Mnara tutafika? Na mama mkwe anaogopa bahari, tumwache nyumbani?"

Dada mwalimu, siku tatu zinatosha, na mama mkwe msimwache. Penye mashaka ni kile kisiwa kingine cha magofu, Songo Mnara, na hapo mwenye jibu ni mwezi.

Naanza na mwezi kwa sababu wageni wengi wanaorudi kutoka Kilwa wakilalamika walikosea hapo hapo. Walichagua wikiendi kwa kuangalia likizo na mshahara, bahari hawakuiuliza. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kati ya kujaa na kupwa panapita kimo cha mita tatu hivi, yaani nyumba nzima ya chini. Juma moja baadaye huwa maji mafu na saa hugeuka: yanajaa saa nne asubuhi, yanapwa saa kumi jioni, wala hayapandi sana wala hayashuki sana. Kama mna kalenda ya Kiislamu ukutani hesabu ni nyepesi. Tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za katikati ni bamvua, na tarehe 8 na 22 mko kwenye maji mafu.

Sasa chukua Songo Mnara. Iko kusini ya Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu makuu, na safari yake inakula siku nzima. Mkitoka Kilwa Masoko, mji wa bara mtakaolala, asubuhi siku ya bamvua mtafika maji yamekauka, mashua itatia nanga mbali, na mtatembea kwenye tope la mikoko. Nilikwenda hivyo mara moja na familia ya rafiki yangu. Nilimbeba mtoto wao wa miaka saba mgongoni, tope likinifika magotini, na kiatu chake kimoja kiko huko mpaka leo. Tulipofika kwenye magofu mtoto alikuwa analia, mama yake amekasirika, na nahodha anatuhimiza turudi kabla upepo haujabadilika. Hatukuona kitu. Wikiendi ya maji mafu mambo ni tofauti kabisa: mtashuka maji yakiwa yamejaa, mtapita kati ya mikoko mkiwa wakavu, na mtakuwa na saa mbili au tatu za kutulia.

Lakini mmesema mnataka kukaa na watu. Kwa hiyo ushauri wangu, na nimeufikiria, ni mchague wikiendi ya bamvua na Songo Mnara muiache kwa safari nyingine. Siku za bamvua ndizo siku ambazo nusu ya kijiji inashuka miambani. Kina mama na watoto wanakwenda na fimbo na vikapu kutafuta pweza, chaza na kome, na mtawaona wakifanya kazi yao, hawamngojei mgeni. Kuvuka kwenda Kisiwani pia kunakaa sawa: mnaondoka saa moja asubuhi maji yakiwa nusu yanashuka, maji makavu yanawakuta tayari mko kisiwani, na saa nane mnarudi maji yakiwa nusu yanapanda.

Kuhusu majira, msiende masika. Barabara ni lami mwanzo mwisho, lakini bonde la Rufiji na vijito vya Kilwa havina mchezo. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu maeneo ya Somanga, na magari ya Lindi na Mtwara yakakaa siku kadhaa bila pa kupita. Juni hadi Agosti kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu, hasa mchana, na kwa mtu anayeogopa bahari si wakati mzuri. Mimi nawapa Septemba mwishoni mpaka mwanzoni mwa Novemba. Kusi limechoka, kaskazi halijaanza, na asubuhi bahari inalala kama maji ya beseni.

Mabasi ya kusini huanzia Mbagala Rangi Tatu. Kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300, saa tano au sita. Mkitoka saa kumi na mbili asubuhi mnaingia Masoko mchana. Njiani, baada ya Ikwiriri, mtapita Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Waambieni watoto kwamba kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika safari ya Dar kwenda Kilwa iliweza kula siku tatu au wiki. Hapo watafahamu kwa nini mkoa ulio karibu hivi na Dar ulibaki mbali kwa miaka yote ile. Somanga mtanunua samaki wa kukaanga dirishani. Ngisi wao ni mzuri, chagueni wa moto.

Jambo moja la Ijumaa ambalo wageni hulisahau: mkifika Masoko kati ya saa sita na saa nane, mji uko msikitini. Msianze kugonga milango. Tafuteni chumba, kuleni, pumzikeni, kisha saa nane mwende ofisi ya magofu kuomba kibali, kwa sababu saa tisa na nusu ofisi za serikali zinafungwa na Jumamosi mnataka kuondoka mapema. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara siku hizi yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori. Mtalipa ada, mtapewa risiti na mwongozaji. Msikubali mtu wa ufukweni anayewaambia atawapitisha bila kibali. Fedha ile ndiyo inayotunza kuta, na mwongozaji rasmi mara nyingi ni mtu aliyezaliwa huko huko kisiwani. Kuhusu chombo, ombeni kukiona Ijumaa hiyo hiyo jioni. Hesabuni maboya ya kuvaa, mhakikishe moja linamkaa mtoto wa miaka 9, maana mengi ni ya watu wazima na mtoto huchomoka kwa chini.

Kisiwani, Jumamosi. Chombo kitawashusha karibu na Gereza, ile ngome ya mawe iliyo ukingoni mwa maji. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga boma lao hapo, wakaondoka 1512. Mnayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya Waarabu wa Oman, iliyojengwa juu ya mabaki hayo karne nyingi baadaye. Wageni hupiga picha nyingi hapo kwa sababu ndiyo ya kwanza, lakini msimalize nguvu. Nendeni Msikiti Mkuu kabla jua halijawa kali.

Hapo nawaomba mkae. Sehemu ya kaskazini ya msikiti huo ni ya karne ya 11. Sehemu kubwa yenye matao na kuba iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikaanguka, ikajengwa upya karne iliyofuata. Mwambie mwanao wa miaka 13 asogeze uso karibu na ukuta, karibu kabisa, mpaka pua iguse. Ataona vinyota vidogo vidogo vimebanana kwenye jiwe. Ndivyo vijumba vya wanyama wa tumbawe. Mawe ya kuchonga nakshi na mihirabu yalikatwa baharini yakiwa bado hai, kwa sababu tumbawe likiwa bichi linachongeka kwa shoka dogo, na likikauka linakuwa gumu kama saruji. Chokaa iliyoyashika mawe nayo ni tumbawe, lililochomwa kwa kuni. Mji mzima ulitoka majini.

Kisha waingie kwenye chumba chochote cha nyumba ya mawe, mmoja asimame ukuta huu na mwingine ukuta ule, wanyooshe mikono. Vidole vyao vitakaribia kukutana. Vyumba vya Kilwa ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hivi, hata vya matajiri. Sababu ni boriti. Dari la mawe na chokaa ni zito, lilibebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutiki. Basi upana wa chumba cha tajiri ulipimwa na mti wa topeni. Nimefundisha jambo hili darasani kwa michoro miaka mingi na sura za wanafunzi hazikubadilika. Pale pale, mikono imenyooshwa, mtoto anaelewa bila kuambiwa mara ya pili.

Ndiyo maana nasema magofu peke yake hayatoshi. Mkishuka kijijini mtaona boriti zile zile zikishikilia makuti ya nyumba za leo, na visima bado vinatoa maji. Aliyejenga msikiti wa karne ya 11 na anayekandika nyumba yake kwa udongo mwaka huu wanatumia bahari ile ile na mikoko ile ile. Mwongozaji akiwapa historia ya masultani, msikilizeni, kisha mwombeni awaoneshe na nyumba inayojengwa sasa hivi. Huwa wanashangaa kuulizwa, halafu wanafurahi.

Husuni Kubwa iko mashariki, mwendo wa nusu saa kwa miguu kwenye jua, kwa hiyo bebeni maji. Ni jumba la karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, juu ya jabali linaloitazama bahari, na ndani yake pana birika la pembe nane. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyo huyo niliyemtaja, akauhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, na akasimulia ukarimu wa sultani aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Ukarimu ule ulikuwa na kisima chake: dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe, ikapita bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikatozwa ushuru hapa. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na moja yenye jina la al-Hasan imeokotwa Great Zimbabwe kwenyewe. Nyingine zilipatikana mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hakuna aliyeeleza kwa uhakika zilifikaje huko. Watoto hulipenda hilo kuliko yote.

Mimi jambo linalonishika ni la dhahabu yenyewe. Vasco da Gama alikuja na merikebu zake mwaka 1502, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, ikafuliwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika 1506. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale mjini humo, kinang'aa. Kila ninaposimama Husuni Kubwa na kuuona ukuta umeota mizizi ya mtini, nakifikiria chombo kile kikiwa ndani ya kioo, kimewashiwa taa.

Wazee watawasimulia pia habari ya kitambaa. Tarikh ya Kilwa inaeleza kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wake mwenyeji kwa kitambaa kilichotosha kukizunguka chote. Msiisikilize kama hadithi ya kulalia tu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani hii, na yakaonesha mchanganyiko wa nasaba ya Kiafrika, hasa upande wa mama, na ya Kiajemi upande wa baba. Wazee hawakuwa na maabara. Walikuwa na kitambaa, na kwa njia yao walikuwa wanasema kwamba mgeni aliingia kwa makubaliano na wenye nchi.

Neno kuhusu vigae. Mtavikanyaga kila mahali, vya vyungu vya kienyeji, vya Uajemi vya rangi ya bahari, hata vya Kichina. Vioneni, inameni, msiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na zaidi ya sheria, kigae kikitoka mahali pake hakisemi tena kitu. Nilimwona mgeni mmoja ametia kimoja mfukoni. Mwongozaji hakumgombeza, alimwomba amwoneshe alikokitoa, wakarudi wote wawili mwendo wa dakika kumi, akamwomba akirudishe na mkono wake mwenyewe. Mwambieni mapema yule wa miaka 9.

Kukaa na watu sasa. Salamu ndiyo mlango, na mlango haufunguliwi kwa haraka. Watoto wawatangulie wazee kwa shikamoo, nanyi msiulize bei wala njia kabla ya kumaliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto. Mkipita uani pigeni hodi hata kama hamna mlango. Wewe na mama mkwe chukueni kanga, na mumeo avae suruali ndefu. Miguu ya watu wazima kijijini isiwe wazi. Mkimkuta bibi kibarazani anasuka ukili wa mkeka, msisimame mkimtazama kwa juu. Kaeni. Mara yangu ya kwanza nilisimama na kalamu na daftari, na bibi yule akanijibu kwa neno moja moja. Siku ya pili nilikaa chini, akanipa miyaa nishike ncha moja, vidole vyangu vikashindwa, akacheka sana, na mchana ule ndipo nilipojua kwamba mkeka mmoja wa kulalia una vipande vya ukili vinavyoshonwa pamoja, kwamba rangi inachemshwa sufuriani, na kwamba mkeka wa maiti una namna yake. Mkinunua mkeka, nunueni kwa aliyeusuka.

Na muwe huko miambani mnamo saa nne. Kaeni ufukweni, msiwafuate kina mama juu ya mwamba mpaka mkaribishwe, kwa sababu tundu la pweza ni siri ya mtu. Mtawaona wakirudi na pweza, na mtasikia wakimpiga juu ya jiwe, pa, pa, pa, mara nyingi, mpaka nyama ilegee. Mkiwaomba wawapikie wa nazi na muhogo, mpatane mapema na mlipe vizuri. Ni chakula cha kungoja, na wakati wa kungoja ndio mazungumzo. Kama safari yenu itaangukia Ramadhani, badilisheni mpango: mchana msile hadharani, na jioni mkialikwa futari, msikatae.

Jumapili ondokeni Masoko alfajiri na mizigo yote, mwende Kivinje. Ni mji wa tatu wa Kilwa, na wageni wengi huupita bila kuuingia ingawa uko karibu na njia panda ya Nangurukuru, mnakopandia basi la kurudi. Kwangu Kivinje ina uzito kuliko Kisiwani. Karne ya 19 misafara kutoka ziwa Nyasa ilishukia hapa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo; huu ulikuwa mmoja wa milango mikubwa ya utumwa pwani yote. Nyumba za wafanyabiashara bado zimesimama na milango ya nakshi, nyingine zimeanguka nusu, na boma la Wajerumani linaitazama bahari likiwa limeoza. Ulizeni Mwembe Kinyonga. Ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwa kuongoza upinzani dhidi yao, na wengine baada yake. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, vita ya Majimaji ilianzia katika vilima vya Wamatumbi ng'ambo ya hapo, kwa kung'oa mipamba. Wewe unafundisha haya darasani bila shaka. Simameni pale kimya kidogo na watoto.

Halafu teremkeni ufukweni kwenye mnada wa samaki, kabla ya saa mbili. Dalali anainua fungu la changu au kolekole, bei zinaruka, kina mama wauza samaki wanabishana, baiskeli zenye matenga zinangoja kukimbilia vijijini. Kunyweni chai ya tangawizi na vitumbua hapo hapo. Saa nne mtatosheka, na mchana mtapata basi Nangurukuru.

Mama mkwe, basi. Kisiwani ni mwendo mfupi wa maji, ng'ambo inaonekana wazi kutoka Masoko, na asubuhi ya Oktoba huenda akakubali mwenyewe akiona mlivyo watulivu. Asipokubali, msimshawishi. Mwacheni Masoko kivulini na simu na pesa ya chai. Kivinje lakini awe mbele. Mimi nimekwenda huko na barua za chuo na kamera, nikajibiwa kwa adabu na basi. Nilipokwenda na shangazi yangu, aliyetoka kijiji cha Rufiji, tulivutiwa jamvi kabla hajamaliza kujibu "Marahaba". Mkifika ufukweni, mwacheni atangulie hatua tatu, nanyi msiseme kitu mpaka atakapowaita.